Haut-Katanga: Mtoto akizaliwa na kasoro ya ubongo, baba naye aulizwe kazi yake

Mtoto akizaliwa na kichwa kisicho cha kawaida, Pweto kama Lubumbashi, maswali humwangukia mama: alikula nini, alimkosea nani, nani kamroga. Baba haulizwi kitu. Hata hivyo, utafiti uliofanyika Lubumbashi kati ya 2013 na 2015 ulimgeukia yeye.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walilinganisha wachanga 138 waliozaliwa na kasoro za kuonekana na wengine 108 wasio nazo. Matokeo yalitolewa mwaka 2020 katika jarida la The Lancet Planetary Health: uwezekano wa kasoro ulikuwa zaidi ya mara tano pale baba alipokuwa na kazi inayohusiana na migodi. Hilo halithibitishi kwamba vumbi la madini ndilo lililomdhuru mtoto huyu au yule, lakini linatosha kuacha kumnyooshea mama kidole. Pweto nayo si ngeni kwa madini. Mgodi wa shaba na fedha wa Dikulushi uko katika teritwari hiyo.

Kasoro zenyewe hazifanani. Kuna ile ambayo ubongo hushindwa kugawanyika pande mbili katika majuma ya mwanzo ya mimba. Ikiwa kali, mtoto hufa mapema. Ikiwa nyepesi huishi, ila huchelewa kukaa na kusema, na mara nyingi hushikwa na degedege.

Maji kujaa kichwani ni habari nyingine, maana hayo yanatibika. Daktari huweka mrija wa kuyapeleka tumboni, au hutoboa njia ndani ya ubongo bila kuacha mrija, mbinu iliyoendelezwa katika hospitali ya watoto ya CURE huko Mbale, Uganda. Wapo waliotibiwa mapema ambao leo wako shuleni. Aliyechelewa, maji hugandamiza ubongo na anaweza kupofuka.

Kwa familia ya Pweto, mji ulio kwenye Ziwa Moero mpakani na Zambia, Lubumbashi iko mamia ya kilometa. Ndiyo maana utepe wa kupimia, kama ule wa fundi cherehani, una thamani kubwa katika kituo cha afya: kichwa kikipimwa kila mwezi, kinachokua kupita kiasi kitaonekana kabla ya macho ya mtoto kuanza kuelekea chini.

Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, hupunguza kasoro za ubongo na uti wa mgongo. Tatizo ni saa: mfereji ambao huwa ubongo hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati wanawake wengi bado hawajajua kama ni wajawazito. Vidonge vinavyotolewa kliniki mwezi wa nne, kwa kasoro hiyo, vimeshachelewa.

Naye baba mchimbaji aoge na kuziacha nguo za kazi kazini, ikiwezekana. Zikifika nyumbani, zisifuliwe pamoja na za mke wake.