Mashindano ya kulima: plau ipi itumike, na mshindi apatikane vipi bila malalamiko

Mahindi yakishavunwa na mabua kubaki shambani, msimu wa plau huanza. Kabla mvua ndefu hazijashika, matrekta huonekana kuanzia Endebess hadi Cherangany, na ng'ambo ya mpaka wa kaunti, upande wa Bungoma, maksai hufungwa nira alfajiri. Huu pia ndio wakati ambapo makundi ya vijana na vyama vya ushirika hufikiria kuandaa mashindano ya kulima.

Ni wazo zuri. Kijana anayejua kulima vizuri hapati kikombe tu, hupata pia wateja. Lakini mashindano yaliyopangwa vibaya huharibu jina la mwandalizi, na wakati mwingine hutenganisha majirani. Maswali makubwa ni mawili: ni plau ya aina gani itumike, na mshindi atapatikanaje bila mtu kwenda nyumbani akinung'unika? Makala haya yanayajibu yote mawili.

Si mbio za trekta

Wengi wanaokuja kutazama kwa mara ya kwanza hudhani anayemaliza mapema ndiye mshindi. Sivyo. Katika mashindano ya kulima muda ni kikomo tu. Kinachopimwa ni ubora wa kazi: mifuo iliyonyooka, kina kilicho sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, magugu na mabua yaliyofukiwa yakapotea, na udongo uliogeuzwa vizuri ukawa tayari kwa mbegu.

Hivyo ndivyo inavyofanyika hata kimataifa. Shirika la Dunia la Kulima kwa Plau liliundwa mwaka 1952, na mashindano yake ya kwanza yalifanyika 1953 huko Cobourg, Canada. Kenya imeyapokea mara mbili, 1995 na 2017, katika eneo la Njoro. Huko washindani hulima vipande viwili kwa siku tofauti, kimoja kikiwa shamba lililovunwa na kingine kikiwa ardhi ya nyasi, na kila hatua hutolewa alama na waamuzi.

Jua chuma kinachokata udongo

Plau ni kisu cha shamba. Kama panga la kukata miwa lisivyofaa kuchonga mwiko, plau moja haifai kila udongo. Katika maeneo yetu zipo aina tatu kuu.

Plau ya diski. Hii ndiyo inayojulikana zaidi kwa matrekta yetu. Ina sahani za chuma zilizobonyea, mbili, tatu au zaidi, zinazozunguka zikikata. Sahani ikikutana na kisiki au jiwe hupanda juu yake badala ya kukwama, kwa hiyo hufaa shamba jipya, shamba lenye mizizi na udongo mgumu uliokauka. Huingia ardhini kwa uzito wake na kwa jinsi sahani zilivyolazwa. Kwa kawaida sahani hukaa kwenye pembe ya digrii 42 hadi 45 kutoka upande trekta linakoelekea, na huegemea nyuma kwa digrii 15 hadi 25. Pembe hizi zikiharibika, plau huteleza juu ya udongo au huvuta trekta upande. Udhaifu wake ni kwamba haifukii mabua na magugu kikamilifu, na sakafu ya mfuo hubaki na mawimbi.

Plau ya ubao. Hii ina ncha ya chuma inayokata udongo kutoka chini, na nyuma yake bamba lililopinda linalogeuza udongo juu chini. Umbo la bamba hilo ndilo linaloamua kazi. Bamba refu lenye mpindo wa polepole hugeuza udongo bila kuuvunja. Mfuo wake ni mzuri kutazama na hufaa ardhi ya nyasi, lakini lisiende kina kupita thuluthi mbili hivi za upana wa mfuo. Bamba fupi lenye mpindo mkali huvunjavunja udongo na linaweza kwenda kina kinacholingana na upana wa mfuo. Kati ya hizo mbili ipo ya wastani, ambayo hufaa kazi nyingi za mahindi. Mbele ya bamba hufungwa kisu cha kusimama au cha gurudumu ili kukata ukuta wa mfuo uwe safi. Penye mabua mengi, kisu cha gurudumu ni bora kwa sababu hukata mabua badala ya kuyakusanya.

Plau ya maksai. Ni plau ya ubao iliyo ndogo, yenye ncha moja. Hapa ustadi hauko kwenye chuma pekee. Urefu wa mnyororo, upana wa nira na mkono wa anayeshika plau ndivyo huamua kina. Mnyororo mfupi mno huinua ncha, na mrefu mno huizamisha, na maksai huchoka kabla ya saa sita mchana.

Neno kwa kijana anayeota kufika mashindano ya dunia: huko hulimwa kwa plau ya ubao, ile ya kugeuza upande mmoja au ile inayopinduliwa ili igeuze pande zote mbili. Aliyelelewa na diski pekee atafika akiwa mgeni. Anza kujifunza ubao mapema.

Kabla ya siku yenyewe

Kagua ncha. Ncha iliyolika hupoteza ile nafasi ndogo ya chini inayoivuta ardhini, na dereva hujaribu kufidia kwa kuongeza uzito. Matokeo yake ni kina kisicho sawa na dizeli inayopotea. Badilisha ncha na uzisafishe mabamba hadi yang'ae, kwa maana udongo hunata kwenye chuma chenye kutu. Kaza bolti zote. Kisha lima mifuo michache katika shamba linalofanana na la mashindano, pima kina kwa rula sehemu kadhaa, na uandike mahali kila kirekebishi kilipokaa. Siku ya mashindano si siku ya kubahatisha.

Haki huanzia kwenye usajili

Malalamiko mengi hayatokani na waamuzi wabaya bali na mambo ambayo hayakuamuliwa mapema. Mwandalizi aamue haya na ayaandike kabla ya kufungua usajili:

1. Madaraja. Diski zishindane na diski, ubao na ubao, maksai na maksai. Katika kila daraja taja idadi ya sahani au ncha na upana wa mfuo. Plau ya sahani tatu haiwezi kupimwa kwa haki dhidi ya ile ya sahani mbili. Kwa maksai, taja ni jozi moja au mbili.

2. Ukaguzi wa plau. Asubuhi, kabla ya kuanza, kila plau ipimwe na kuandikwa. Mshindani anaruhusiwa kurekebisha kwa spana akiwa shambani, lakini asibadilishe ncha, sahani au bamba ila kwa idhini ya mwamuzi mkuu kama kimevunjika.

3. Vipande vya shamba. Hapa ndipo haki hupatikana au hupotea. Chagua shamba lililokuwa na zao moja, lenye mteremko mmoja na udongo unaofanana. Kipimo kinachotumika sana kimataifa ni mita 100 kwa 20 kwa kila mshindani. Cha kwetu kinaweza kuwa kidogo zaidi, mradi vyote vilingane. Acha nje sehemu zenye kichuguu, njia ya ng'ombe au maji yaliyotuama.

4. Kura. Vipande vipewe namba na vigawanywe kwa kura mbele ya washindani wote. Asiwepo mtu wa kuchaguliwa kipande, hata akiwa mwenye shamba au mfadhili.

5. Muda. Tangaza muda wa mfuo wa kufungua na muda wa kumaliza kipande chote. Anayepita muda apunguziwe alama kwa kiwango kilichotangazwa, si kwa hasira ya mwamuzi.

6. Msaada. Baada ya kengele, asiingie fundi, baba wala rafiki. Kupanga udongo kwa mikono au kwa mguu ili mfuo uonekane mzuri kuhesabiwe kosa. Simu ziwekwe kando.

Waamuzi na alama

Waamuzi wasipungue watatu kwa kila daraja, na pasiwepo mwenye ndugu, mwajiriwa au mteja kati ya washindani. Njia rahisi ya kulinda imani ya watu ni kukopa waamuzi: Kitale iwaalike wa Bungoma, na Bungoma iwaalike wa Kitale. Waamuzi waandike namba ya kipande tu, bila jina, na kila mmoja ajaze karatasi yake bila kushauriana.

Vigezo vinavyofaa ni hivi, kila kimoja alama 10: mfuo wa kufungua, unyofu, kina kilicho sawa, kufukiwa kwa mabua na magugu, udongo uliogeuzwa na kushikana vizuri, usawa wa mifuo kwa macho, kuingia na kutoka mwisho wa kipande, na mfuo wa kufunga. Kina kipimwe kwa rula katika sehemu zilezile kwa kila mshindani. Alama zijumlishwe hadharani na karatasi zibandikwe watu wazisome. Amueni mapema kigezo kipi kitavunja sare. Malalamiko yaandikwe ndani ya nusu saa baada ya matokeo, yajibiwe siku hiyohiyo, na yaishie hapo.

Usalama na ardhi yetu

Watazamaji wakae nyuma ya kamba, mbali na mwisho wa vipande ambako matrekta hugeuka. Mtu asibebwe kwenye trekta wala juu ya plau. Plau ishushwe chini kila injini inapozimwa. Chuma kilichoning'inia kimekata miguu ya watu wengi. Maksai wapewe maji na kivuli, na anayewapiga hadi kuwajeruhi aondolewe.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko kikombe. Miteremko ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani hupoteza udongo kila mvua kubwa ikinyesha, na udongo huo huishia katika Mto Nzoia na vijito vyake. Mfuo ulionyooka kutoka juu kwenda chini ni mfereji wa mmomonyoko, hata kama umepata alama 10. Kwa hiyo mashindano yapangwe mahali tambarare, au vipande vikate mteremko. Vilevile, kulima kwa kina kilekile kila mwaka hutengeneza tabaka gumu chini ambalo mizizi ya mahindi haipenyi. Dereva aliyejifunza kupima kina kwa ajili ya alama atajua pia kulibadilisha kwa ajili ya mkulima.

Tangu Katiba ya 2010, huduma za kilimo ni jukumu la kaunti. Kundi lolote linalotaka kuandaa mashindano lifike katika ofisi ya kilimo ya wadi yake mapema, kabla ya kuchapisha mabango, ili lipate ushauri kuhusu shamba na waamuzi. Wakaazi wa Bungoma wanaweza pia kuulizia mafunzo katika Kituo cha Mafunzo ya Kilimo cha Mabanga.

Mshindi akitangazwa, awepo mtu aliyeshindwa anayeweza kutembea hadi kipande cha mwenzake, aangalie mifuo, kisha aseme: "Kweli, huyu amenishinda." Hapo mwandalizi atajua kazi yake imefanyika.