Kufuga Fira: Je, Yafaa Kuwa Kazi ya Mkulima?



Mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Sote twajua kuwa mwaka mmoja majamvi hujaa hata pa kukanyaga hapana, na mwaka wa pili mtu huzunguka shamba zima akarudi na pakacha tupu. Ndiyo maana katika miaka mibaya wanachama hutuuliza juu ya kazi nyingine za kutilia nguvu mfuko. Wako wanaouliza habari za vanila, wako wanaouliza habari za pilipili manga, na wengine nyuki. Safari hii limekuja swali ambalo hatukulitazamia. Mwanachama mmoja amesikia kuwa sumu ya fira huuzwa kwa bei iliyo kubwa kupita dhahabu, naye akatuuliza kama haiwezekani kumfuga fira kama afugwavyo kuku, akazaa, akakamuliwa, na sumu ikapelekwa sokoni. Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, maana swali lenyewe lina maana, na jibu lake lamhusu kila mtu apitaye chini ya mikarafuu.

Kwanza, ni kweli kuwa fira hufugwa, wala si jambo la jana. Katika miaka ya 1890 daktari mmoja Mfaransa, Albert Calmette, aliyekuwa amefanya kazi Saigon na kujua hasara iletwayo na fira, alitengeneza dawa ya kushinda sumu yao. Njia yake ndiyo itumikayo hata leo. Mnyama, mara nyingi farasi, hudungwa sumu kidogo mno isiyoweza kumdhuru, kisha huongezwa kidogo kidogo mpaka damu yake ipate nguvu ya kuishinda. Ndipo hutolewa sehemu ya damu ile, ikasafishwa, ikawa dawa ya kumchoma mgonjwa. Basi penye dawa hapana budi pawe na sumu, na penye sumu hapana budi pawe na nyoka aliye hai, mzima, na aliyetunzwa vema. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kumweka fira kifungoni.

Haukupita muda mrefu likaonekana jambo la pili. Huko Brazili daktari Vital Brazil aligundua kuwa dawa iliyotokana na sumu ya fira wa Asia haikuwafaa watu walioumwa na nyoka wa nchi yake. Kumbe kila sumu ina dawa yake. Kwa hiyo taasisi ya Butantan, iliyoanzishwa São Paulo mwaka 1901, ikawa yaweka nyoka wa huko kwa ajili ya dawa ya huko. Mwaka 1923 Msalaba Mwekundu wa Thailand nao ulifungua bustani ya nyoka mjini Bangkok, na fira wa nchi ile hukamuliwa hapo hata leo. Twawaomba wanachama walishike neno hili la kila sumu na dawa yake, maana tutalirudia.

Mfano utakaotugusa zaidi sisi watu wa chama uko kusini ya India, karibu na mji wa Chennai, uliokuwa ukiitwa Madras. Hapo wako watu waitwao Irula, mabingwa wa kumfuata nyoka kwa nyayo zake na kumtoa shimoni. Zamani walipata riziki yao kwa kuuza ngozi za nyoka. Serikali ilipotoa sheria ya kulinda wanyama mwaka 1972, na baadaye biashara ya ngozi ikakatazwa kabisa, watu hawa walikosa kazi. Badala ya kukaa na kulalamika, mwaka 1978 waliunda chama cha ushirika, wakisaidiwa na mtaalamu wa nyoka Romulus Whitaker, wakaanza kuuza sumu badala ya ngozi.

Kazi yao huenda hivi. Serikali hutoa kibali chenye hesabu ya nyoka wanaoruhusiwa kukamatwa. Kila nyoka aletwapo huandikwa katika daftari, akawekwa katika mtungi wa udongo wenye mchanga ndani, na mdomo wa mtungi hufungwa kwa kitambaa ili hewa ipite. Siku ya kukamuliwa, mkamuaji humshika nyuma ya kichwa na kumwumisha ukingo wa bilauri iliyowambwa ngozi nyembamba, sumu ikachuruzika ndani. Hukamuliwa kwa wiki chache tu, kiasi cha mara nne, kisha hutiwa alama katika magamba ya tumbo na kurudishwa porini, ili asikamatwe tena upesi. Sumu hukaushwa kwa mashine mpaka ikawa kama chembe za chumvi, ikauzwa kwa watengenezaji wa dawa. Mwaka 2023 serikali ya India iliwapa nishani ya Padma Shri wawili katika watu hawa, Vadivel Gopal na Masi Sadaiyan, kwa ustadi wao.

Tazameni basi jinsi mambo yalivyo. Hapana mwanachama aliye na fira wake uani. Liko banda moja, daftari moja, kibali kimoja, na wanunuzi wachache wanaojulikana. Fira akikamuliwa mara moja, sumu yake ikikauka haifiki hata gramu moja. Tena mnunuzi hataki sumu tu. Ataka kujua imetoka kwa nyoka gani, wa mahali gani, na imekaushwaje. Ikiingia uchafu au ikichanganywa, huikataa, kama mnunuzi wetu aikataavyo karafuu yenye unyevu au iliyojaa makonyo. Bei kubwa aliyoisikia mwenzetu ni bei ya sumu safi yenye hati zake, wala si bei ya sumu iliyokingwa katika kikombe cha chai.

Sasa kuhusu kuzalisha. Fira hutaga mayai, na mke mmoja aweza kutaga kumi, ishirini, au hata zaidi kwa mara moja. Wazalishaji huweka dume na jike mbalimbali mwaka mzima, kwani fira hula nyoka wenzake, naye haoni haya kumla mchumba wake. Huwakutanisha kwa siku chache tu, baada ya kuwalisha vema, wakiwa chini ya macho ya mtu. Mayai yakitagwa huhamishiwa katika sanduku lenye unyevu na joto la kiasi cha digrii 28 hadi 30, wala hayageuzwi kama ya kuku, maana yai la nyoka likigeuzwa mtoto aweza kufa ndani. Baada ya miezi miwili hivi huangua. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, na hapa maneno yao ni kweli tupu: mtoto wa fira hutoka katika yai akiwa na meno na sumu yake tayari, na siku hiyo hiyo aweza kutuna shingo na kuuma.

Kisha huja taabu ya kuwalisha. Wengi katika watoto hao hawataki panya mpaka wadanganywe kwa kumpaka panya harufu ya chura au mjusi. Kila mmoja ataka chombo chake, maji safi, mahali pa kujificha, na kuangaliwa asiingiwe na utitiri au kuoza mdomo. Fira akitunzwa vizuri huishi miaka mingi. Wako waliopita miaka 20 kifungoni. Maana yake ni kuwa amwekaye fira amejifunga kwa miaka hiyo yote, asisafiri wala asiugue bila ya kuwa na mtu wa kumwachia kazi hiyo. Mahali penye utaratibu hapana mtu afunguaye sanduku peke yake; huwa wawili, wenye fimbo ya kulabu, milango miwili yenye kufuli, na dawa iko karibu. Ikiwa nyoka ni swila, yaani yule atemaye sumu, huvaa pia kinga ya macho, kwani hulenga uso wa mtu aliye mbali hatua mbili tatu.

Wako waliofanya ufugaji huu kuwa biashara ya kijiji kizima. Katika kijiji cha Zisiqiao, mkoa wa Zhejiang nchini Uchina, watu walianza kufuga nyoka katika miaka ya 1980, wakiwamo fira, kwa ajili ya nyama na dawa za kienyeji, na wengi walitajirika. Lakini mwaka 2020, ulipozuka ugonjwa wa Korona, serikali ya nchi hiyo ilikataza kula wanyama wa porini wa nchi kavu, na soko la nyama ya nyoka likafungwa kwa amri moja. Sisi tuliowahi kuona bei ya karafuu ikianguka hatuhitaji kuambiwa uchungu wa jambo hilo. Mkulima mwenye karafuu isiyouzika aweza kuiweka ghalani. Mwenye nyoka elfu wasiouzika atawaweka wapi?

Kwa hiyo jibu letu kwa mwenzetu ni hili: fira si mfugo wa mkulima mmoja, wala sumu yake si zao la kujazia mwaka mbaya. Ni kazi ya taasisi au ya ushirika wenye wataalamu, kibali cha serikali na mnunuzi wa hakika. Asiye na hayo atafuga msiba ndani ya nyumba yake na ya jirani.

Lakini swali lake limetufundisha jambo, na hapa twarudi kwenye neno tuliloliweka. Ikiwa kila sumu ina dawa yake, basi dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya fira wa India haitegemewi kumponya mtu aliyeumwa na fira au swila wa Afrika. Jambo hili limekwisha gharimu maisha. Katika Ghana na Chad dawa zilizotokana na nyoka wa Asia ziliwahi kuletwa kwa kuwa ni rahisi, na vifo vya walioumwa vikaongezeka. Chupa zafanana, na jina la dawa laweza kufanana. Tofauti ni nyoka aliyekamuliwa. Ndiyo sababu tunawaheshimu wale wanaoweka nyoka wa kwetu kwa kazi hii, kama shamba la nyoka la Bio-Ken huko Watamu, pwani ya Kenya, lililoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe na mkewe Sanda, ambalo pia limewasaidia watu wengi walioumwa.

Basi twazinasihi kamati za matawi kufanya jambo moja kabla wachumaji hawajaingia kambini. Nendeni hospitali iliyo karibu nanyi mkaulize kwa adabu: dawa ya nyoka ipo? Na je, ni ya nyoka wa Afrika? Kama haipo, ulizeni iliko, na mpange mapema gari la kumpeleka mgonjwa.

Na kwa kila mwanachama: fyekeni chini ya mikarafuu kabla ya kuchuma. Msiache panya wazaane karibu na ghala, kwani fira hufuata panya. Wachumaji wasilale chini kambini. Swila huuma watu usiku wakiwa usingizini. Sumu ikiingia machoni, osheni kwa maji mengi safi mara moja, kisha nendeni kwa daktari. Aliyeumwa avuliwe pete na bangili, atulizwe, asitembezwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba, wala msipoteze saa kwa jiwe la nyoka. Mpelekeni hospitali.

Fira mwacheni apite. Hana haja nanyi, nanyi hamna haja ya kumfuga.