Taarifa ya Siri Kazini: Ni Kusengenya au Kulinda Amana?



Ndugu zetu katika imani, tunaulizwa mara nyingi: mfanyakazi aliyemuona mwenzake akiiba stoo, akamfikishia mwajiri habari bila ya kutaja jina lake mwenyewe, je, amesengenya?

Jawabu: La, maadamu amesema aliyoyaona na amemwambia anayeweza kuuondoa uovu huo. Imamu an-Nawawi (Allah Amrehemu) ametaja sababu sita zinazoruhusu ghiba. Miongoni mwake ni kushitakia dhulma, kutafuta msaada wa kuondoa munkari na kuwahadharisha watu na shari.

Siku hizi waajiri wengi duniani wana huduma ya taarifa za siri: namba ya simu au tovuti inayosimamiwa na watu wa nje ya kampuni. Hao huipokea habari, humficha aliyeitoa, kisha huifikisha kwa kiongozi asiyehusika na tuhuma hizo.

Anayefaidika kwanza ni mwajiri mwenyewe. Ripoti ya mwaka 2024 ya ACFE, jumuiya ya kimataifa ya wachunguzi wa udanganyifu, imeonesha kuwa asilimia 43 ya kesi ilizozichambua ziligunduliwa kwa taarifa za watu, na zaidi ya nusu ya taarifa hizo zilitoka kwa wafanyakazi. Ukaguzi wa ndani uligundua asilimia 14 tu.

Visiwani kwetu haja ni kubwa zaidi, kwani sote tunajuana. Karani wa hoteli anajua kuwa mtunza stoo ni jamaa wa meneja. Akisema hadharani atakosa kazi, na ugomvi utafika mpaka harusini na mazikoni. Basi hunyamaza, na mali ya watu inaendelea kuliwa.

Hata hivyo, Suratul-Hujuraat, aya ya 6, inatuamrisha kuzichunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Kwa hiyo taarifa isiyo na jina ni mwanzo wa uchunguzi, si hukumu. Mwajiri asimfukuze mtu kwa taarifa hiyo peke yake. Atafute ushahidi na amsikilize mtuhumiwa. Wala asimsake aliyesema. Na anayemzulia mwenzake ajue kuwa jina lake limefichika kwa watu tu, halikufichika kwa Mola wake.

Tunawanasihi waajiri wetu waifungue njia hii. Asiyeweza kulipia huduma, basi amteue mtu mwaminifu asiye jamaa wa wakubwa wa kazi.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.