Zizi la miti hai lanusuru ng'ombe na simba

MTALII hufika Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, kaskazini mwa Tanzania, kumwona simba, chui na duma. Mfugaji wa Simanjiro, jirani wa hifadhi hiyo, humkuta simba huyohuyo zizini usiku.

Mvua zikianza, pundamilia na nyumbu hutoka hifadhini kwenda kulisha nyanda za Simanjiro, na simba huwafuata. Zizi la miiba mikavu huoza na kuacha mianya. Ndiyo maana baadhi ya wafugaji wamejenga mazizi ya miti hai: matawi mabichi yanayochipua huchomekwa kama nguzo, yakazungushiwa wavu wa waya. Miti ikikua, ukuta huimarika.

Waya una gharama, lakini ng'ombe aliyeliwa harudi. Na mfugaji asiyepoteza mifugo hana sababu ya kumuua simba anayemleta mtalii.