Ufukwe Uliotiwa Mbolea

Juni 1989, wanasayansi wa EPA, shirika la serikali ya Marekani linalolinda mazingira, walipima vipande vya ufukwe wa mawe huko Snug Harbor, Alaska, wakavinyunyizia mbolea. Ufukwe wote ulikuwa mweusi kwa mafuta ghafi. Baada ya wiki mbili hivi, aliyepita juu kwa helikopta aliona mstatili mweupe katikati ya weusi ule, kama mkeka uliotandikwa juu ya lami. Mawe yalikuwa yamerudia rangi yake, na hakuna mtu aliyeyasugua.

Mafuta hayo yalitoka kwenye meli ya Exxon Valdez, iliyopanda mwamba dakika chache baada ya saa sita usiku, 24 Machi mwaka huo. Ilimwaga takriban lita milioni 41, zikachafua zaidi ya kilomita 2,000 za pwani. Maelfu ya vibarua walipelekwa na mipira ya maji ya moto yenye shinikizo kubwa. Maji hayo yaling'oa mafuta kweli, lakini yaliwapika pia kome na mwani walionusurika. Ndiyo maana mstatili wa Snug Harbor uliwatia watu moyo: kazi ilifanyika bila kuua kilichosalia.

Waliofanya kazi ni bakteria, na hawakuletwa kutoka popote. Walikuwa pale pale ufukweni.

Wengi wakisikia habari za vijidudu walao mafuta hufikiria maabara na chupa iliyofungwa. Dhana hiyo ina chanzo chake. Mwaka 1972 Ananda Chakrabarty, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi General Electric, aliomba hataza ya bakteria wa jamii ya Pseudomonas aliyempandikizia uwezo wa kuvunjavunja sehemu kadhaa za mafuta ghafi. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Juni 1980 majaji watano dhidi ya wanne wakaamua kwamba kiumbe hai kilichobuniwa na binadamu kinaweza kupewa hataza. Uamuzi huo uligeuza biashara ya baiolojia duniani. Bakteria mwenyewe hakuwahi kutumika kusafisha mafuta yaliyomwagika.

Wauzaji wa bakteria wa pakiti nao walipewa nafasi. Mwaka 1990, katika kisiwa cha Disk huko huko Alaska, bidhaa mbili za aina hiyo zilijaribiwa kando ya vipande ambavyo havikuwekwa kitu. Hazikuonyesha tofauti ya maana.

Sababu ni kwamba wenyeji wameshika nafasi zamani. Mafuta hayakuanza kuvuja siku binadamu alipounda meli. Ripoti ya wanasayansi wa Marekani ya mwaka 2003 ilikadiria kwamba takriban tani 600,000 hujipenyeza baharini kila mwaka zenyewe, kupitia nyufa za sakafu ya bahari. Kwetu pia yapo. Kisiwani Pemba, eneo la Tundaua, mafuta huchuruzika ardhini. Kwenye Ziwa Albert, mwanajiolojia E. J. Wayland aliandika kuhusu machimbuko ya namna hiyo tangu mwaka 1925, miaka mingi kabla ya kampuni kutangaza ugunduzi wa mafuta ya Uganda. Panapochuruzika mafuta kwa vizazi, hujitokeza viumbe wa kuyala. Mmoja wao, Alcanivorax borkumensis, alielezwa kisayansi mwaka 1998 na amepewa jina la Borkum, kisiwa cha Ujerumani katika Bahari ya Kaskazini. Kwenye maji safi huwa haba. Mafuta yakimwagika huzaliana mpaka akawatawala wenzake.

Tabia yake inastahili kutazamwa kwa makini. Bakteria hawezi kuingia ndani ya tone la mafuta. Hula kwenye mpaka ambapo mafuta hukutana na maji. Kwa hiyo hutoa kitu kama sabuni, kinacholigawa tone kubwa kuwa vitone vingi na kumwongezea meza ya kulia. Kisha vimeng'enya vyake huingiza oksijeni kwenye minyororo ya kaboni, mnyororo hulegea, na mwishowe hubaki maji, hewa ya kaboni dayoksaidi na miili ya bakteria wapya. Minyororo myepesi huliwa mapema. Ile mizito, inayofanana na lami ya barabarani, huweza kukaa miaka.

Mafuta ni kaboni tele, lakini karibu hayana naitrojeni wala fosforasi. Ni kama mtu aliyewekewa sinia la ugali mtupu: anashiba, ila mwili haujengeki. Hiyo ndiyo kazi ya mbolea. Alaska walitumia mbolea ya maji kutoka Ufaransa, iliyotengenezwa ing'ang'anie mafuta, pamoja na chembechembe zinazoyeyuka polepole. Kati ya 1989 na 1991 walimwaga takriban tani 50 za naitrojeni. Kazi hiyo inafanana zaidi na kilimo kuliko na usafi.

Na kilimo hudai hewa. Mwaka 2001 watafiti wa serikali ya Marekani walirudi Alaska, wakachimba mashimo takriban 9,000 kwenye fukwe 91. Zaidi ya nusu ya fukwe hizo bado zilikuwa na mafuta. Chini ya kokoto, ambako oksijeni haifiki vya kutosha, bakteria walikuwa wamekwama.

Somo hilo lilipuuzwa vibaya Ogoniland, kusini mwa Nigeria. Huko mafuta yalimwagika kwa miongo kadhaa, na njia iliyotumiwa kusafisha ilikuwa ya bakteria: udongo ulilimwa, ukarundikwa matuta, ukatiwa mbolea. Kwa maandishi ilionekana sahihi. Agosti 2011, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa ripoti baada ya kuchunguza zaidi ya maeneo 200. Kati ya maeneo 15 yaliyopimwa ambayo kumbukumbu za kampuni ya Shell zilisema yamekwisha kusafishwa, 10 yalikuwa bado na uchafu kupita kiwango. Penginepo mafuta yalikuwa yamezama mita tano, huku jembe likigusa tabaka la juu tu, na mvua ikiyasomba kutoka kwenye matuta kwenda vijitoni. Katika kijiji cha Nisisioken Ogale, watu walikunywa maji ya kisima yenye benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Bakteria hawakushindwa Ogoni. Walioshindwa ni waliowasimamia.

Habari hii inatuhusu. Bomba la kilomita 1,443 limepangwa kuleta mafuta ya Ziwa Albert kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, na kilomita 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania, katika mikoa minane. Mafuta hayo yana nta nyingi. Bila kupashwa moto huganda, na bonge lililoganda bakteria huling'ata pembeni tu. Yakivuja, udongo utalazimika kugeuzwa, kuingizwa hewa na kulishwa kwa muda mrefu, hadi kina ambacho mafuta yamefika.

Hakuna atakayejua kina hicho, wala kama kazi imekamilika, bila kujua ardhi ilikuwaje mwanzo. Kwa hiyo wenye mamlaka wapime udongo, visima na matope ya mikoko mapema, kabla ya meli ya kwanza kupakia Chongoleani, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi za vijiji na mitaa ambako mkulima na mvuvi wanaweza kuyasoma. Na siku mtu atakapokuja kusema eneo limesafishwa, wananchi wamwombe achimbe mita tano mbele yao.