Vijana Walioiandama Ngoma

Wasikilizaji, kila aliyepata kuona ngoma ya beni ikipita njiani ajua jinsi watoto wanavyoiandama. Hawaulizi inakwenda wapi. Miguu yao imekwisha kushika mwendo. Leo nataka kuwaeleza habari za vijana walioandama ngoma mbaya mno, nao walikuwa watoto wa nyumba njema.

Hitler alipotwaa serikali ya Ujerumani, Januari 1933, chama cha vijana wake kilikuwa na watu kadiri ya laki moja. Mwisho wa 1936 walipita milioni tano, wavulana kwa wasichana. Mwaka 1939 kuingia kukawa kwa lazima. Walakini wengi walikuwa wamekwisha kwenda zamani, tena kwa furaha.

Mmoja wao alikuwa Hans Scholl wa mji wa Ulm, mwenye miaka 14. Baba yake alimchukia Hitler, akamfananisha na mpiga filimbi wa hadithi ya Hameln, aliyewatoa watoto mjini wasirudi tena. Hans hakusikia, na dada yake mdogo, Sophie, akafuata. Kwa nini? Si kwamba waliipima siasa ile wakaiona kuwa kweli. Walipewa sare, bendera, nyimbo, na safari za kulala mahemani. Nyumbani kijana huambiwa, "Ngoja ukue". Huku aliambiwa kwamba nchi yamhitaji leo. Neno hilo ni tamu, nasi watu wazima tu wachoyo nalo.

Tena kundi lina nguvu yake. Mtu mwenye shaka hutazama kulia na kushoto, akaona wenziwe wote wamenyosha mkono, akasema moyoni, "Labda mimi ndiye niliyekosa." Jirani naye afikiri vivyo hivyo, huku akimtazama yeye. Ndivyo watu wengi wenye shaka wanavyofanya umati usioonyesha shaka hata kidogo.

Hans aliamka kwa mambo madogo, kama dada yake mkubwa, Inge, alivyosimulia baadaye. Alipenda kuimba kwa gitaa nyimbo za Warusi na Wanorwe, wakubwa wakamkataza. Kisha vijana wa kikosi chake walijishonea bendera yao wenyewe. Mkubwa mmoja akamwamuru mtoto wa miaka 12 aitoe. Mtoto akakataa, mkono ukimtetemeka. Hans akampiga mkubwa yule kofi, na uongozi wake ukaisha siku ile.

Mwaka 1942, akisoma utabibu Munich, yeye na rafiki zake walianza kuandika karatasi za siri za kumpinga Hitler. Tarehe 18 Februari 1943 Hans na Sophie walikuwa wakizieneza chuoni. Mtumishi wa chuo akawaona, akawashika. Siku ya nne wakakatwa vichwa pamoja na rafiki yao Christoph Probst. Hans alikuwa na miaka 24, Sophie 21.