Fahamu: Kufuli la namba na vitufe vilivyochakaa

Kufuli la tarakimu nne, kuanzia 0000 hadi 9999, lina michanganyiko 10,000. Katika mchezo wa Rust, ambamo wachezaji hujenga nyumba na kuvamiana, anayebahatisha namba akakosea hupigwa shoti. Udhaifu wa kweli hauko kwenye hesabu, uko kwenye vidole: kitufe kinachobonyezwa kila siku hung'aa na kufutika maandishi. Vikichakaa vinne, mvamizi amebakiwa na mipangilio 24. Vikichakaa vitatu, maana tarakimu moja imerudiwa, inakuwa 36. Ajabu, kurudia kunamchelewesha. Mbunifu wa mchezo anayetaka uhalisia na aanzie hapo.

Huko Kasongo na Kabambare, nchini Kongo, tarakimu nne hulinda zaidi pesa za simu, kama M-Pesa iliyoanzishwa na Vodacom nchini humo mwaka 2012. Vitufe vya simu hupiga namba nyingi, kwa hiyo alama zake hazisemi sana. Msemaji ni mwenye simu: huchagua mwaka wa kuzaliwa uwe namba yake ya siri, na kuanzia 1950 hadi 2009 ipo miaka 60 tu. Wengine humtajia wakala namba hiyo kwa sauti, foleni nzima ikisikia.